Motokaa Kuukuu na Geji ya Joto

Juma hili sitawaandikia juu ya mbegu wala juu ya karo za shule. Nataka kuwaeleza habari za chombo kidogo, ukubwa wake kama kifuniko cha kopo la maziwa, ambacho mimi mwenyewe nilikikataa kwa kalamu yangu, na kukataa kwangu kukatuletea hasara. Msiseme, "Sisi hatuna motokaa, habari hii haituhusu." Vumilieni kidogo. Siku hizi vijiji vingi vina mashine ya kusaga, na ufuoni mwa ziwa letu, toka Kibirizi mpaka Ujiji na kuendelea kusini, mitumbwi mingi husukumwa na injini. Penye injini pana moto, na penye moto sharti pawe na mtu wa kuuangalia.

Parokia yetu ina Land Rover ndefu ya mwaka 1964, ile iitwayo 109, maana toka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni inchi 109. Ni motokaa kuukuu, tena ya kuheshimiwa. Imebeba saruji, mabati, wagonjwa, maharusi na maiti. Lakini kwenye ubao wake wa mbele mlikuwa na saa ya mwendo, ya mafuta na ya umeme wa betri, basi. Ya kuonyesha joto la maji haikuwamo.

Mwaka jana mwezi wa Februari, dereva wetu, mzee aliyeshika usukani kabla mimi sijazaliwa, alikuja ofisini, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, naomba fedha ya geji ya joto. Motokaa hii inapanda milima nami sijui ndani ya injini kuna nini. Naendesha kama kipofu."

Nikamwuliza, "Je, mzee, motokaa ni mbovu?"

Akajibu, "La, mwanangu, ni nzima. Ndiyo sababu naomba sasa."

Neno lile la mwisho sikulifahamu. Nikafungua kitabu cha maombi nikaandika: "Si ya lazima. Ingoje." Mzee akavaa kofia yake akaenda zake, bila kunung'unika.

Mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, tuliitwa usiku kwenda kijiji kimoja cha milimani, upande wa Manyovu, kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu tangu asubuhi. Nilikwenda pamoja na mzee ili nishike taa. Tulimpakia mama huyo, na mkwewe, na kijana mmoja ndugu yake, tukaanza safari ya kuja hospitalini mjini Kigoma. Katika kilima kirefu injini ilianza kukosa nguvu. Harufu ya chuma cha moto ikaingia ndani. Mara mvuke ukatoka chini ya boneti kama chungu kinachofurika, motokaa ikasimama.

Yule kijana, kwa haraka na kwa nia njema, aliruka akafungua kifuniko cha rejeta kabla mzee hajamzuia. Maji yakamrukia mkononi toka kifundo hata kiwiko. Basi sasa tulikuwa na wagonjwa wawili. Tulikaa pale karibu saa mbili, tukingoja chuma kipoe, tukiteka maji ya mtaroni kwa kopo. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, chini ya turubai, mikononi mwa bibi yake. Mama na mtoto ni wazima hata leo, tunamshukuru Mungu. Lakini yule bibi aliponitazama kwa mwanga wa taa, sikuwa na la kumwambia.

Asubuhi tulivutwa mpaka mjini. Fundi alipofungua injini alikuta gasketi ya hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Fedha ya kuinyosha kwa mashine na kununua gasketi mpya ilitoka katika sanduku la madawati ya watoto. Geji niliyoikataa ingalinunuliwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hiyo. Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema kweli. Mimi nilijenga ukuta kwa mbao za madawati.

Sasa nitawaeleza chombo chenyewe, maana baada ya siku ile nilikaa na mzee na fundi nikajifunza.

Injini huchoma mafuta ndani yake, na moto ule ungeyeyusha vyuma kama hakuna kitu cha kuupunguza. Kwa hiyo maji huzungushwa na pampu kupita kandokando ya silinda, hubeba joto, huingia katika rejeta, na huko upepo wa feni huyapoza, kisha hurudi tena. Katikati ya njia yao pana mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa ili ipate moto upesi. Maji yakifika joto la digrii 75 au 80 hivi, hufunguka. Geji ya joto kazi yake ni moja tu: kumwambia dereva maji yale yana joto kiasi gani, kabla ya mvuke kumwambia. Dalili ya mvua ni mawingu. Mvuke si mawingu tena. Mvuke ni mvua yenyewe.

Geji ziko za namna mbili. Ya kwanza haitaki umeme. Ina kichwa cha shaba, kama kidole cha mtoto, kinachoingizwa katika maji ya injini. Ndani yake mna dawa nyepesi inayogeuka mvuke upesi. Toka kichwa hicho hutoka bomba jembamba kama waya mpaka kwenye saa mbele ya dereva. Ndani ya saa mna mrija bapa uliopinda. Maji yakipata moto, mvuke wa dawa husukuma, na mrija hutaka kujinyosha, kama mpira wa baiskeli uliokunjwa unavyojinyosha ukitiwa pumzi. Kujinyosha kwake ndiko kunakosogeza mshale.

Mrija huo ulibuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, naye aliukusudia kwa ajili ya kupima nguvu za mvuke katika mitambo. Sisi wa Kigoma si wageni wa mitambo ya mvuke. Meli yetu Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa katika makasha mpaka Dar es Salaam, na kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Ikaungwa tena hapa na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili adui asiipate; lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mitambo ile ya mvuke ilifanya kazi hata miaka ya 1970, ndipo ikaondolewa na kutiwa ya dizeli. Fikirini: watu waliitunza mitambo ya meli waliyokuwa wakiizamisha, na mimi sikuitunza injini ya motokaa niliyokuwa nikiipanda.

Namna ya pili ni geji ya umeme. Katika maji hutiwa kitako kidogo chenye waya mmoja. Kitako hicho kikipata joto hupitisha umeme mwingi zaidi, na mshale hupanda. Ni rahisi kufunga, kwani waya hupita popote. Lakini sharti kitako na saa viwe jozi moja. Ukichanganya vya motokaa mbili tofauti, mshale utadanganya. Tena umeme hurudi kwa njia ya chuma cha injini yenyewe, kwa hiyo usikivingirishie kitako utepe mwingi wa kuzuia maji, usije ukamkata umeme njia yake. Na katika Land Rover za zamani kama yetu, upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha motokaa za leo. Asiyejua hilo ataunguza vitu. Sisi tulichagua ile isiyotaka umeme.

Haya, kuifunga. Nitaieleza kama tulivyofanya.

Kwanza, tuliijaribu kabla ya kuifunga. Tulitia maji katika sufuria, tukaweka juu ya jiko la mkaa, tukatumbukiza kichwa cha shaba na kungoja maji yachemke. Mshale ulisimama chini kidogo ya 100, nami nikataka kuirudisha dukani nikidhani ni mbovu. Fundi akacheka. Maji huchemka kwa digrii 100 kule pwani ya bahari. Ziwa letu liko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, na hapa maji huchemka karibu digrii 97. Ukipanda milima mpaka mita 1,500, huchemka karibu 95. Kwa hiyo motokaa ya milimani iko karibu na kuchemka kuliko ya Dar es Salaam, ingawa hewa ya milimani ni baridi. Hilo sikufundishwa chuoni, au pengine nilifundishwa nikasinzia. Kifuniko cha rejeta kinachobana vizuri huyazuia maji yasichemke upesi, huongeza digrii kumi hivi au zaidi. Kifuniko kilicholegea ni hasara.

Pili, tulingoja injini ipoe kabisa, tukafungua bilula ya rejeta, tukamwaga maji kiasi katika debe safi, mpaka yakashuka chini ya mahali pa kufanyia kazi.

Tatu, mahali pa kutia kichwa. Injini nyingi za zamani zina tundu katika hedi, karibu na themostati, lililozibwa kwa bolti. Hapo ndipo mahali bora, upande wa injini na si upande wa rejeta. Ukikitia katika bomba la mpira baada ya themostati, geji itaonyesha baridi wakati injini tayari ni ya moto, maana mlango bado haujafunguka. Tena kichwa sharti kizame katika maji yanayotembea. Tuliangalia kwanza kama mizinga ya skurubu inalingana. Ya geji na ya injini huweza kufanana kwa macho na kumbe si moja. Ukilazimisha, utaharibu uzi wa hedi, na hapo utalia. Tulitia washa ya shaba, tukakaza nati kwa spana, huku kichwa chenyewe na bomba lake havizunguki.

Nne, bomba jembamba. Hili ndilo roho ya chombo. Halikatwi, halifupishwi, halipindwi kwa kona kali. Likipasuka, dawa hutoka na geji imekufa, haitengenezeki. Tulilipitisha mbali na bomba la moshi na mbali na feni, tukatoboa tundu katika ukuta wa mbele, tukalivalisha tundu hilo mpira ili chuma kisilikate. Urefu uliozidi tuliuzungusha kama kata ya kubebea mtungi, tukaufunga taratibu. Mzunguko huo husaidia pia, kwa kuwa injini hutikisika na bodi hutikisika kwa namna yake.

Tano, tukarudisha maji, tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa ikatoka yote, tukaongeza maji, tukafunga, tukatazama kama panavuja.

Saa yetu ilikuwa ya zamani, imeandikwa kwa Fahrenheit. Siku ya kwanza nilipoona mshale kwenye 180 nilipiga kelele tusimame. Mzee akasema, "Tulia, Mwalimu. Mia na themanini ya Waingereza ni themanini na mbili ya kwetu." Ninyi pia tazameni saa yenu imeandikwa kwa hesabu ipi. Kwa Fahrenheit maji huchemka 212 kule pwani ya bahari, na hapa kwetu karibu 207.

Kisha tulifanya jambo moja ambalo nawashauri wote. Tuliendesha siku tatu, tambarare na milimani, tukatazama mshale unapenda kukaa wapi. Mahali hapo tukatia alama ya rangi nyeupe juu ya kioo. Hata asiyejua kusoma namba anaweza kuona mshale umeuacha ule weupe. Mshale ukipanda kidogo kilimani na kushuka bondeni, hapana neno. Ukipanda na kuendelea kupanda, simameni. Kama maji bado yamo na hakuna mvuke, acheni injini izunguke polepole ili feni iendelee kupoza. Kama mvuke unatoka au maji yamekwisha, zimeni mara moja.

Tena nasisitiza, kwa ajili ya yule kijana: msifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta. Ndipo mfunike kwa kitambaa kizito, mzungushe kidogo, mngoje pumzi itoke. Wala msimwagie injini ya moto maji baridi kwa ghafula. Chungu cha moto ukikimwagia maji baridi hupasuka, na chuma ni vilevile. Mtu akiungua, mkono wake upozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ufunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe zahanati. Dawa ya meno, mafuta na unga havifai.

Mwezi wa Septemba tulitoka Ujiji kurudi nyumbani, tumebeba watoto 11 wa kwaya. Mimi nilikaa mbele, macho yangu kwenye geji kama mtu aliyetubu. Katika kilima mshale ulianza kupanda, ukapita alama nyeupe. Kabla sijasema, ukaanguka ghafula, ukaenda chini kabisa. Nikafurahi, nikamwambia mzee, "Imepoa!" Yeye akapeleka motokaa kando, akazima papo hapo.

Akasema, "Mwalimu, kitu cha moto hakipoi kikiwa kilimani. Maji yamekwisha. Geji inapima hewa."

Tulifungua boneti tukakuta mpira wa chini wa rejeta umepasuka, na maji yote yamemwagika barabarani. Kichwa cha shaba kilibaki kimening'inia pakavu, hakina maji ya kupima. Kama ningalikuwa mimi ndiye dereva, ningaliendelea kwa furaha mpaka injini ikanata. Tulingoja, tukakata ule mpira uliopasuka, tukaukaza upya, tukatia maji tuliyopewa na mama mmoja wa jirani, tukafika nyumbani kabla ya giza. Hedi haikupata dhara. Watoto waliimba njia nzima, wala hawakujua.

Hapo nikafahamu kwamba geji ni jicho tu. Mwenye kufahamu ni mtu. Mshale unaopanda ni habari, na mshale unaoanguka bila sababu ni habari kubwa zaidi.

Sasa ninyi wa vijijini. Mwenye mashine ya kusaga inayopozwa kwa maji ya pipa, atie mkono kwenye pipa mara kwa mara. Mkono ukishindwa kukaa, apumzishe mashine, aongeze maji kabla ya kupokea debe lingine la mahindi. Wavuvi wenye injini za nyuma, tazameni ule mchirizi mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa injini. Huo ndio geji yenu. Ukikatika, zimeni, mtazame kama jani au mfuko wa plastiki umeziba mlango wa maji, kwani katikati ya ziwa usiku hakuna fundi. Wenye motokaa na matrekta, kazeni mkanda wa feni, ondoeni mbegu za nyasi na tope katika mapezi ya rejeta. Maji ya ziwa letu yana madini mengi yanayoacha gamba. Ni afadhali maji ya mvua yaliyochujwa, pamoja na dawa ya rejeta ikipatikana.

Na sisi tunaoshika kalamu na funguo za sanduku, tusikilize anayeomba kitu wakati chombo bado ni kizima. Anayeomba baada ya kuharibika haombi kinga, anaomba mazishi. Mwezi wa Oktoba nilifungua tena kitabu cha maombi, nikatafuta ukurasa wa Februari. Sikulifuta neno nililoandika, maana kitabu cha ofisi hakifutwi. Chini yake niliandika tarehe, na maneno haya: "Ilikuwa ya lazima. Karani alikosea." Mzee akalisoma polepole, akavaa kofia yake, akasema anaomba fedha ya mpira mpya wa rejeta, wa akiba.

Nikampa siku ile ile. Kwaherini mpaka juma lijalo.